Jina Asilolitamka Mama Kulwa

2 Machi 1996

Mvua imeanza saa ya chai na mpaka sasa haijachoka. Bati la wodi ya watoto linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, na ndoo tumeiweka palepale. Malaria imepanda. Watoto wanalala wawili wawili kitandani, mmoja kichwani mwingine miguuni, na mama zao wako chini kwenye mikeka. Wauguzi tuko wawili tu, mimi na Sista Verdiana. Tabibu ni Abednego, ambaye watu wote wanamwita daktari, naye hajawahi kuwasahihisha.

Sista Verdiana ametoa utaratibu wa masika: aliyeandika kadi ya mtoto ndiye atakayemchoma sindano mpaka siku anatoka. Mtoto wa mwenzio usimguse. Anasema masika yaliyopita kila mmoja alidhani mwenzake ameshachoma, na kuna mtoto alikosa dawa kutwa nzima. Basi asubuhi na jioni yeye anapita kwanza na sinia lake, anachoma wa kwake. Mimi nafuata na langu, nachoma wa kwangu. Utaratibu nimeupenda. Unanipunguzia kuulizana maswali, na mimi nikichoka sipendi maswali.

5 Machi

Mvua. Mtu wa mkate hajapita.

7 Machi

Wafugaji wameanza kuingia kutoka porini, wengine kutoka upande wa Sitalike, wengine njia ya Kabungu. Wanakuja wamelowa, watoto wamefungwa mgongoni kwa shuka nyekundu. Sista Verdiana akawaangalia pale barazani, akaniambia, "Hawa ndugu, ng'ombe akikohoa siku hiyohiyo wako kwa bwana mifugo. Mtoto akikohoa wanangoja mavuno." Mimi nikawa wa kwanza kucheka, tena kwa sauti.

Niandike hapa, maana hapa hakuna wa kunisoma. Baba yangu alitoka Shinyanga na ng'ombe wake mimi nikiwa tumboni. Mpaka naanza darasa la kwanza sikujua lugha nyingine zaidi ya Kisukuma. Kule bweni la misheni wasichana walikuwa wanashika pua nikipita, wanasema nanuka samli. Nilipofika chuo cha uuguzi nikawaambia mimi ni Mnyamwezi wa Tabora mjini, na hapa kituoni nimekuja na Utabora huohuo. Kisukuma nakisikia chote mpaka cha wazee, ila nikivaa sare sikijui hata salamu.

10 Machi

Jumapili. Jana jioni Sista Verdiana alipokea watoto wengi mimi nikiwa nimeenda sokoni Kashaulili, kwa hiyo leo nimekuta wodi imefurika, na nimeikuta nikiwa na hasira zangu za kuchapwa na mvua njia nzima.

Kitanda cha sita kulikuwa na mama na mtoto wa kiume wa miaka minne hivi, mwili unachemka. Nikamuuliza mtoto anaitwa nani. Akainama, akatazama sakafu kana kwamba nimemuuliza nani kaiba. Nikauliza tena, safari hii kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. Akasema, "Shija." Nikapekua kadi zote, hakuna Shija. "Sasa wewe mama umeingiaje wodini bila kadi? Nyie mkifika hapa mnajilaza tu?" Akaanza kueleza, sikuwa na muda. Abednego alikuwa anapita, akamshika mtoto paji, akasema kwinini, asubuhi na jioni kama wenzake. Nikaandika kadi nikaiweka miguuni pa kitanda, pembeni ya nyingine iliyokuwepo, ya mtoto wa Verdiana anayeitwa Ngusa. Huyo Ngusa hakuwepo kitandani. Nikadhani mama yake kambeba uani, wanavyopenda.

Nilipomchoma, mama yake akanung'unika kitu Kisukuma. Nikamwambia, "Sema Kiswahili, mama. Hapa ni hospitali." Akamfunika mtoto shuka. Wenzake wanamwita Mama Kulwa.

11 Machi

Mvua. Shija ananilia akiniona tu. Mama yake kanung'unika tena. Nimemwambia kama anajua kutibu akatibie nyumbani kwake.

12 Machi

Shija anatapika, anatetemeka, jioni macho yakampinduka. Abednego kamtundikia dripu ya glukosi, akatulia. Anasema malaria ya mwaka huu ni kali. Sista Verdiana akasema, "Hata mimi wangu wa kitanda hichohicho, Ngusa, anatapika tu." Tukapeana pole.

13 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mchana alikuja baba wa mtoto, Jilala, amelowa, miguu tope mpaka magotini, ameshika kibuyu cha maziwa. Akasimama miguuni pa kitanda cha sita akaita, "Ngusa! We Ngusa!" Mtoto alikuwa macho, anatazama ukuta. Hakugeuka.

Mimi nikamwambia, "Huyo ni Shija, baba. Ngusa atakuwa nje na mama yake."

Akanitazama. "Sista, mwanangu mimi nisimjue? Huyu ndiye Ngusa. Nimempa jina la baba yangu. Juzi Jumamosi nimemleta mwenyewe, yule sista mwingine akaniandikia, ndipo nikarudi kwa ng'ombe."

Mama Kulwa alikuwa ameinama anatazama sakafu, vilevile kama Jumapili. Nami nikaelewa kabla mumewe hajamaliza. Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake. Hata kama jina hilo kapewa mwanawe wa kumzaa, hatamki. Mama yangu mzazi alimwita kaka yangu "Baba" tangu anamnyonyesha mpaka anaoa, kwa sababu hiyohiyo. Nilijua jambo hili kabla sijajua kusoma! Na Shija ni jina la mtoto yeyote anayefuata mapacha. Mwanamke wa watu nimemkaripia mbele ya wodi nzima, akanipa jina ambalo mdomo wake unaruhusiwa kulisema.

Kwa hiyo mtoto ni mmoja. Kadi mbili, mtoto mmoja. Verdiana anapita na sinia lake anamchoma Ngusa paja la kulia. Mimi nafuata na langu namchoma Shija paja la kushoto. Asubuhi na jioni. Hakuna kati yetu aliyewahi kuwaona hao watoto wawili kwa pamoja, na hakuna aliyejiuliza.

Jilala akaita tena. Akapiga makofi nyuma ya kichwa cha mtoto. Abednego akaja, akachukua sahani ya bati, akaigonga kwa kijiko karibu kabisa na sikio. Wodi nzima wakageuka isipokuwa mtoto. Abednego akasimama na ile sahani mkononi. Kwinini ikizidi huenda masikioni, hilo tumefundishwa wote.

Sijamaliza. Hapo juu, tarehe kumi, nimeandika kwamba mama alinung'unika. Nimeidanganya hata karatasi yangu mwenyewe. Hakunung'unika. Alisema taratibu, kwa adabu, Kisukuma safi, akiniita mama: "Mayu, huyu ameshachomwa. Mwenzako amemchoma sasa hivi." Nilisikia kila neno. Sista Verdiana alikuwa amesimama kwenye kabati la dawa, na nilichowaza ni kwamba nikimjibu huyu mama, Verdiana ataniuliza Kisukuma nimekijulia wapi. Kisha nikajiambia mama anachanganya, huenda anaongelea mtoto mwingine. Keshoye akasema tena, na mimi nikamwambia akatibie nyumbani.

Najiona mchafu.

14 Machi

Abednego katuita chumbani kwake. Akataka kujua kadi mbili zimetokeaje.

"Mama katoa jina la uongo," Sista Verdiana akasema. "Mimi nimetajiwa jina na baba, huyu katajiwa na mama. Tungejuaje?"

Abednego akatikisa kichwa. "Hawa watu jamani." Kisha akanigeukia. "Theopista, huyo mama hakukuambia lolote? Kuona mwanawe anachomwa mara mbili mbili?"

Nikasema, "Hakusema kwa Kiswahili."

Ndivyo nilivyosema. Wala si uongo, ndiyo maana maneno yamenitoka vizuri.

Abednego akamwita Jilala barazani akamweleza kwamba kwa bahati mbaya mama alitaja jina lingine, dawa ikazidi, masikio yameguswa, yanaweza kurudi, tungoje. Jilala akaingia wodini. Hakumpiga mkewe. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, Kisukuma: "Wewe ndiye umemziba mwanangu masikio, kwa ulimi wako." Mama Kulwa akajifunika uso kwa khanga. Sista Verdiana akaninong'oneza, "Anasemaje huyo?"

"Sijui," nikajibu.

16 Machi

Kitanda cha sita nakipita haraka.

19 Machi

Wameruhusiwa. Homa imeisha, masikio bado. Mtoto kapita barazani ameshikwa mkono, anacheka na kuku. Mama Kulwa alipofika mbele yangu akapiga goti kidogo akasema, "Mwangaluka, mayu." Ananiamkia! Nikamjibu, "Karibu tena."

Karibu tena. Nikiikumbuka nataka ardhi inimeze.

28 Machi

Jilala kaja kuuliza kama kuna dawa ya masikio. Hakuna. Abednego kamwambia angoje. Nilikuwa nafagia nje ya mlango, nikakawia makusudi.

Jilala anasema wazee wa ukoo wamekaa. Mama Kulwa atarudishwa kwa wazazi wake Shinyanga, na watoto wanabaki. Hawana ugomvi naye, anasema, ila mtu aliyempotezea mtoto masikio hawezi kukabidhiwa wengine. Atapanda treni hapa Mpanda barabara ikikauka, maana sasa hivi mto umekata njia na hata baiskeli haipiti. Alisema yote bila hasira, macho chini. Abednego akasema, "Haya, hayo ni ya kwenu wenyewe." Nami nikaendelea kufagia palipokwisha kuwa safi.

2 Aprili

Mvua. Nimeshukuru.

5 Aprili

Mvua tena, kubwa. Ijumaa Kuu. Kanisani wanawake walilia kwa ajili ya mateso ya Bwana. Mimi nililia pamoja nao, wakadhani ni kwa ajili hiyohiyo.

9 Aprili

Watu wote wanalalamika. Maharage yanaozea shambani, malori yamekwama Sitalike. Mimi peke yangu nafurahi ikinyesha. Nimefikia hapo: naomba wakulima waharibikiwe ili mimi nisilazimike kusema maneno mawili.

Nimeanza kumtazama Sista Verdiana vibaya, kila akitania nachukia. Lakini yeye utani wake anautoa mchana kweupe. Mimi je? Leo alimkuta mama mmoja wa Kisukuma anatetemeka, akavua sweta lake akamvisha mtoto wa yule mama, huku anawatania hivyohivyo. Mwaka mzima nimemwogopa mtu nisiyemjua.

14 Aprili

Jua.

15 Aprili

Jua tena. Tope la barazani limeanza kupasuka.

Nilimfuata Sista Verdiana nyumbani kwake akiwa anachambua mchele. Nikamwambia yote, kuanzia Tabora ya uongo hadi yale aliyoyasema Mama Kulwa. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akasukuma ungo pembeni.

"Kumbe Msukuma."

"Ndiyo, dada."

"Na mimi nikitania ulikuwa unacheka."

"Nilicheka."

"Ulikuwa unacheka kuliko mimi," akasema. Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Theopista, mimi sikujua lugha. Lakini mtoto alikuwa na alama ya sindano mbichi kwenye paja la pili, niliiona. Nikajiambia aliyemchoma anajua. Nisikubebeshe wewe peke yako. Ila lako ni kubwa kuliko langu, sitakudanganya."

Tulikwenda wote kwa Abednego. Alikasirika mpaka akasimama. Akasema itabidi aripoti wilayani, na sijui nini kitanipata. Nikamwambia aripoti. Kisha akasema nisithubutu kwenda huko porini, yataniletea balaa, tusubiri wakubwa waamue. Nikamuuliza, "Na treni nayo itasubiri?"

16 Aprili

Kwenye mkutano mfupi wa asubuhi Abednego kasema kuanzia sasa kila mtoto anachomwa mama yake akiwa ameulizwa kwanza. Sista Verdiana akamuuliza, "Ameulizwa kwa lugha gani?" Wote wawili wakanitazama. Leo nimewasalimia akina mama kwa Kisukuma, kitanda hadi kitanda. Sikujisikia shujaa. Mmoja alishangaa, akasema, "Kumbe siku zote ulikuwa unatusikia?"

17 Aprili

Nimeazima baiskeli ya Sista Verdiana, nimeshika njia ya Kabungu. Mto umepungua, niliivusha begani. Upande wa pili niliwakuta vijana wanachunga, nikawauliza kwa Mzee Ngusa wapi, wakanielekeza. Njia nzima nilikuwa najifunza maneno, na yalikuwa yananitoka kichwani.

Uani kulikuwa na mzee ameketi kigodani anasokota kamba ya ngozi. Ndiye Mzee Ngusa. Jilala alikuwa anafunga zizi. Wale mapacha, Kulwa na Doto, walikuwa wanapepeta mahindi. Mtoto alikuwa katikati ya ua, ametugeuzia mgongo, anapanga ng'ombe wake wa udongo mstari mmoja. Mlangoni pa nyumba palikuwa na furushi limefungwa vizuri, na Mama Kulwa amesimama karibu nalo, amevaa khanga za safari.

Nilipiga magoti yote mawili mbele ya mzee nikamwamkia Kisukuma, kama mama alivyonifundisha kuwaamkia wakubwa. Akanitazama sana.

"Kumbe ni wa kwetu," akasema.

"Ni wa kwenu, guku. Nimekuja kusema kosa langu."

Babu akaweka kamba chini. Nikaeleza. Sikujua kama ulimi utanifuata, maana sijaongea Kisukuma cha maana miaka mingi, lakini ulinifuata. Nilisema utaratibu wa kadi, nilisema sinia mbili, nilisema jina. Nikasema mkamwana wake hakudanganya, alifanya heshima aliyofundishwa, na aliyetakiwa kuielewa heshima hiyo pale wodini ni mimi kuliko wote.

Jilala alikuwa ameacha zizi wazi. "Lakini angesema mtoto ameshachomwa."

"Alisema."

"Alikuambia wewe?"

"Aliniambia. Na kesho yake akaniambia tena. Nilimfukuza kwa maneno."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia, ndugu yangu. Nilielewa kila kitu."

Akanisogelea, nikadhani sasa ananipiga, na kwa kweli ningeshukuru. Lakini aliishia katikati, akageuka kumtazama mkewe, akatazama na lile furushi. Mzee ndiye aliyeuliza, tena kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza: "Kwa nini hukumjibu, mwanangu?"

Njiani nilikuwa nimeandaa maneno mazuri juu ya uchovu na wingi wa wagonjwa. Sikuyatumia. "Niliona aibu kuonekana Msukuma," nikasema.

Hakuna aliyenitukana. Ng'ombe mmoja akatoka kwenye zizi lililoachwa wazi, na hakuna aliyemrudisha. Nilibaki palepale magotini, natazama vumbi.

Ndipo Mama Kulwa akaondoka mlangoni. Alinipita bila kunitazama. Akaenda akasimama nyuma ya mwanawe, karibu, kiasi cha kumgusa, lakini hakumgusa. Akainua uso mbele ya baba mkwe wake.

"Ngusa!"

Kulwa na Doto wakajishika midomo. Jilala akasema, "We!" Mtoto akachukua ng'ombe mwingine wa udongo, akampanga nyuma ya wenzake.

"Ngusa!" Mama yake akaita tena, kwa nguvu zote, sauti ikamkatika mwishoni. Kuku wakatawanyika. Mtoto akafuta mikono kwenye kaptura yake, akaendelea kupanga.

"Naam, mwanangu," mzee akaitika.